Selous: gobori la wakia nne na kaburi la Rufiji

Sisi tuna neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu ambayo mvuvi huyafanya chubwi ili mshipi uzame, na risasi ni ile inayotoka mdomoni mwa bunduki. Neno tumelipata kwa Waarabu, na marisau ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa wazee wetu hapakuwa na haja ya kuvitenganisha, kwani aliyekuwa na bunduki alinunua madini, akayayeyusha motoni, akayamimina kwenye kalibu, na kilichotoka ndicho alichokipigia. Duka la kuuza risasi zilizokwisha kutengenezwa, zimefungwa ndani ya boksi, ni jambo la juzijuzi.

Nimeanzia hapo kwa sababu mtu ninayetaka kumsimulia alijijengea jina kwa risasi za namna hiyo hiyo, za kumiminwa, na akafa kwa risasi ya kiwandani. Jina lake wengi wenu mmelisikia bila ya kumjua mwenyewe. Ni Selous, yule aliyepewa mbuga kubwa ya Rufiji, kusini mwa jirani zetu Tanzania.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Nyumbani kwao hawakuwa wahitaji. Baba yake alifika kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la London. Mtoto alipelekwa shule ya Rugby, lakini akili yake yote ilikuwa porini, kwenye mayai ya ndege na vitabu vya wasafiri wa Afrika. Januari 1867, akiwa na miaka 15, alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa wakiteleza juu ya ziwa lililoganda katika bustani ya Regent's Park barafu ilipopasuka. Watu 40 walikufa siku ile. Yeye alilala kifudifudi, akajivuta kutoka kipande hiki cha barafu hadi kile mpaka akafika ukingoni. Wazazi walitaka asomee udaktari. Hakusoma.

Septemba 1871 alishuka pwani ya Afrika Kusini, kwenye ghuba ya Algoa, na pauni 400 mfukoni. Alikuwa na miaka 19. Alikuja na bunduki nzuri ya mitutu miwili, ya kisasa kwa wakati ule, ya kutiliwa risasi kwa nyuma. Hakufika nayo mbali, maana iliibwa kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley. Wizi huo ndio uliomfanya awe Selous tunayemjua, kwa kuwa pesa za kununua nyingine kama ile hakuwa nazo. Akanunua magobori mawili ya bei ya chini kabisa, kazi ya Isaac Hollis wa Birmingham, kila moja pauni 6. Hayakuwa na mifereji ndani ya mtutu kama bunduki za shabaha. Yalikuwa matupu kama bomba, yametengenezwa kwa ajili ya kupiga bata. Kila moja lilikuwa na uzito wa ratli 12 na nusu hivi, karibu kilo 6, uzito ambao kwa kazi aliyotaka kuyafanyia ulikuwa mdogo mno.

Hapa niwaeleze hesabu ya bunduki zile, maana bila yake hadithi haina ladha. Ukubwa wa mtutu ulipimwa kwa risasi zenyewe. Unachukua ratli moja ya madini, unaigawa mafungu sawa, kila fungu unalifanya tufe. Idadi ya matufe ndiyo namba ya bunduki. Ile bunduki ya namba 12 ambayo bado hutumiwa kufukuzia nyani mashambani, maana yake ni kwamba tufe 12 za ukubwa wa mtutu wake hufanya ratli moja. Kwa hiyo namba ikipungua, mtutu huwa mkubwa. Magobori ya Selous yalikuwa namba 4. Kila tufe lilikuwa robo ratli, wakia 4, yaani zaidi ya gramu 110 za madini, na unene wake kwa kukadiria ni upana wa sarafu yetu ya shilingi 20. Risasi ya bunduki ya askari wa leo haifiki hata gramu 15.

Matufe hayo yalimiminwa na wawindaji wenyewe kambini. Madini ya risasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 327, moto wa kuni kavu waweza, wala hahitajiki mhunzi. Chombo cha chuma, upawa wa chuma, na kalibu iliyofanana na koleo, yenye tundu juu. Unamimina, unangoja kidogo, unafungua, tufe linaanguka likiwa na kishina pale yalipoingilia madini, nacho hukatwa kwa kisu. Shida ilikuwa kwamba madini matupu ni laini. Kwa swala hayana neno, lakini yakigonga fuvu la ndovu hubonyea kama nta na kusimama kabla ya kufika panapohusika. Ndiyo maana wawindaji wa wanyama wakubwa waliyachanganya na bati au zebaki kidogo yapate kuwa magumu. Na kwa kuwa mzigo wa madini ulikuwa mzito na duka liko mwendo wa miezi kwa gari la ng'ombe, wengi walipasua mzoga, wakazitafuta zile risasi zilizokwisha kuua, wakaziyeyusha upya. Tufe moja liliweza kuua zaidi ya mara moja.

Baruti nayo haikupimwa kwa mizani. Selous aliivaa ubavuni ndani ya mfuko wa ngozi, baruti ya biashara ya kawaida, ile ile waliyouziwa wenyeji. Alitia mkono, akafumba ngumi, na ngumi hiyo ndiyo kipimo. Ngumi moja ilikuwa kama gramu 35 au zaidi. Anaimwaga mdomoni mwa mtutu, anadondosha tufe, anaweka fataki, basi. Alizoea kufanya hayo huku akikimbia nyuma ya ndovu. Alikimbia kwa miguu kwa sababu nchi ya ndovu ilikuwa nchi ya ndorobo, na farasi huko hafiki wiki akawa mzima. Tena alikimbia akiwa na shati, kofia, mshipi na viatu, suruali ameiacha kambini. Sikutii chumvi, ilikuwa ndiyo desturi yake, ili miiba isimshike na jasho lisimlemee. Mzungu wa picha za vitabuni, mwenye soksi ndefu na kofia ya jua, alikuja baadaye.

Mwaka 1872 alifika Bulawayo kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme alimtazama yule kijana asiye hata na ndevu akacheka, akamuuliza kama hakukusudia kusema kwamba amekuja kuwinda paa. Kisha akampa ruhusa aende atakako, kwani kijana kama yule angelimdhuru nani. Tukumbuke ruhusa hiyo.

Aliyemfundisha kazi hakuwa Mzungu. Alikuwa mwindaji wa Kikhoi aliyejulikana kwa jina la Cigar, ambaye naye alikuwa na gobori zito, na ambaye alimtembeza porini, akamwachia hata nafasi ya kupiga kwanza. Selous mwenyewe alimkumbuka kwa shukrani katika maandishi yake, jambo ambalo wenzake wengi wa zama zile hawakulifanya kwa walimu wao weusi. Hata hivyo hakuna mahali popote palipoitwa Cigar.

Katika misimu mitatu, tangu 1872 mpaka 1874, Selous aliua ndovu 78 kwa magobori yale mawili ya pauni 6, karibu wote kwa miguu. Lakini magobori nayo yalimlipa. Mtu akipiga tufe la robo ratli kwa bunduki nyepesi, sehemu kubwa ya nguvu humrudia mwenyewe begani. Wawindaji walifunga vitako vya bunduki zao kwa ngozi ya ndani ya sikio la ndovu, ikivishwa ikiwa mbichi, ambayo ikikauka hushika kama pete ya chuma. Siku moja gobori la Selous lilikataa kulia. Likachukuliwa, likashindiliwa tena baruti na tufe bila kukumbuka kwamba la kwanza bado limo ndani. Akalipiga. Lilimwinua juu, likamgeuza hewani, akaanguka kifudifudi mchangani. Bunduki ikaruka nyuma yake mbali. Kitako kilivunjika vipande vipande pamoja na ngozi yake ya sikio la ndovu, mkono wa kulia ukakataa kuinuka, na chini ya jicho likabaki jeraha refu.

Jeraha lilipona, woga haukupona. Selous alikiri baadaye kwamba bunduki zile zilimharibia mishipa ya fahamu, na kwamba maisha yake yote hakuweza tena kupiga shabaha bila mwili kushtuka kabla ya mlio. Alijuta kuwa aliwahi kuzishika. Fikiria basi, mwindaji aliyekuwa mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake alikuwa mtu aliyeogopa bunduki yake mwenyewe, na wenziwe waliomjua walisema wazi kwamba hakuwa mpigaji hodari sana. Alichokuwa nacho ni miguu, macho na subira.

Baadaye alipata bunduki bora zaidi kutoka kwa Gibbs wa Bristol, zenye mtutu mwembamba na mifereji ndani, lakini wakati huo ndovu walikuwa wamekwisha kimbia. Kufikia mwisho wa miaka ya 1870 nchi kusini ya Zambezi ilikuwa haimlipi tena mwindaji wa pembe. Yeye na wenzake ndio waliowamaliza, na hilo hakulificha. Akageukia kazi nyingine: kuua wanyama wa kila aina, kuwachuna na kuwapeleka kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya. Jumba la London peke yake lina wanyama zaidi ya 500 wa mkono wake. Kitabu chake cha kwanza cha safari za uwindaji kilitoka 1881, nacho kikamfanya mtu wa kualikwa kwenye karamu.

Mwaka 1888, alipovuka Zambezi kuingia nchi ya Waila, kambi yake ilishambuliwa usiku. Watu wake 12 waliuawa. Yeye alichupa kichakani na bunduki moja na risasi za kuhesabika, akatembea usiku na kujificha mchana. Katika kijiji kimoja hata hiyo bunduki ikachukuliwa, akabaki na maisha yake tu. Alifika salama baada ya mwendo wa wiki kadhaa. Habari hii waandishi wa Kiingereza huipamba sana. Majina ya wale 12 sijayaona yakipambwa.

Sasa turudi kwenye ile ruhusa ya Lobengula. Miaka 18 baada ya mfalme kumcheka, Selous aliajiriwa na kampuni ya Cecil Rhodes kuuongoza msafara wa walowezi kuingia Mashona. Njia alizijua yeye, kwa sababu alizipita akifuata ndovu kwa idhini ya mfalme. Mwaka 1890 alikata barabara ya mamia ya maili, akiizungusha mbali na Bulawayo ili asikutane na majeshi ya Wandebele, na Septemba bendera ya Kiingereza ikapandishwa mahali ambapo leo ni Harare. Mwaka 1893 vita vilikwenda kwa Lobengula mwenyewe. Selous alikuwamo upande wa kampuni na akajeruhiwa. Mfalme alikimbia mji wake, akafa mwaka uliofuata. Wandebele walipoinuka tena 1896, Selous alipigana nao tena, akaandika kitabu cha kuutetea upande wake.

Wapo wanaosema alikuwa mtu mpole, mkweli, asiyejisifu, na kwamba hata adui zake walimheshimu. Siwabishii. Upole wake naukubali, na ile barabara naikubali pia. Mgeni aliyekaribishwa kwa sababu anaonekana mtoto, akala chakula cha mwenye nyumba, akaijifunza nyumba chumba kwa chumba, kisha akawaonyesha wengine mlango wa nyuma, sisi watu wa pwani tuna jina la mgeni wa namna hiyo hata kama amevaa tabasamu.

Na kuna hili la ndovu. Huku kwetu, nyuma ya Malindi na Tsavo, Waata waliwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu ya msunguti, na pembe zao ziliteremka hadi bandarini muda mrefu kabla ya treni. Miaka ya 1950 walisakwa, wakafungwa kwa wingi, wakaitwa majangili. Selous aliua ndovu 78 kwa miaka mitatu ili auze pembe, sawasawa na wao. Tofauti iko kwenye chombo na kwenye rangi ya aliyekishika. Pembe zenyewe, ziwe za Waata au za Selous, zilikwenda kuwa vitufe vya mpira wa biliadi na meno ya piano huko ng'ambo.

Mombasa alipita akiwa mtu mzima. Aprili 1909 alikuwamo ndani ya meli ya Admiral pamoja na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani na kuja kuwinda. Roosevelt alimhusudu sana, na Selous ndiye aliyemsaidia kupanga safari ile. Baadaye alikuja na bunduki ya aina nyingine. Vita Vikuu vilipoanza 1914 aliomba kujiunga, akaambiwa ni mzee. Aliendelea kugonga milango mpaka akachukuliwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha wazoefu wa porini. Mei 1915 wakashuka Mombasa. Naye alikuwa na miaka 63.

Juni mwaka ule walivuka Ziwa Victoria kuishambulia Bukoba. Vijana waliokuja naye walianguka mmoja mmoja kwa malaria na kuhara, mzee alitembea. Alipandishwa cheo kuwa kapteni, akapewa nishani ya DSO mwaka 1916, akarudishwa kwao kwa matibabu, akapona, akarudi tena vitani. Waliobeba chakula na risasi za vita vile walikuwa wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimebaki na jina la kikosi chao.

Tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, Selous aliwaongoza watu wake pale Behobeho, kaskazini ya mto Rufiji, dhidi ya jeshi la Wajerumani lililokuwa likirudi nyuma. Aliinua kichwa atazame kwa darubini wapi wanapopigia. Risasi ilimpata kichwani, akafa papo hapo. Wenziwe walimzika karibu na hapo. Mwanawe Freddie, rubani wa jeshi, aliuawa Ulaya tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba.

Nchi alimozikwa si mbali na Umatumbi na Ngarambe, ambako miaka 12 nyuma Kinjikitile aliwagawia watu maji, akawaahidi kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji zikiwagusa. Hazikugeuka. Waliokufa kwa vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata ni wengi mno, na makaburi yao hayana jiwe.

Mwaka 1922 Waingereza, wakiwa wamekwisha kuitwaa Tanganyika, waliipa hifadhi ya wanyama ya eneo lile jina la Selous. Ilikuja kupanuliwa mpaka ikapita kilomita za mraba 50,000, na mwaka 1982 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Miaka ya 1970 ndovu wake walihesabiwa kupita 100,000. Hesabu ya 2013 iliwakuta karibu 13,000. Safari hii kazi ilifanywa kwa bunduki za kivita, kwa risasi ambazo hakuna aliyezimimina kwa mkono wake, na pembe zikapitia bandari za pwani hii yetu, Mombasa ikiwemo, ndani ya makontena.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliikata sehemu kubwa ya kaskazini ya hifadhi ile ikaifanya hifadhi ya taifa, ikaipa jina la Nyerere. Behobeho imo ndani ya sehemu hiyo. Kwa hiyo mzee yule hayumo tena kwenye mbuga yenye jina lake. Kaburi liko pale pale, chini ya jiwe tambarare, na ndovu waliobaki hupita karibu nalo wakienda mtoni.